Mwaka Niliochagua Gari la Wazee

Abdulaziz alinipigia simu nikiwa Tunduma, nimekaa juu ya sanduku langu la mbao nikisubiri lori lenye mzigo wangu livuke mpaka. Akaniambia baba yake, Ami Nassor, amefariki na ameshazikwa, na kwamba arubaini yake itasomwa nyumbani kwao Boko. Akaongeza kuwa siku itakayofuata, Jumapili, wanaklabu waliobaki watayatoa magari yao madogo ya rimoti, yale ya nitro, na kuyakimbiza uwanjani kama zamani. Akaniuliza kama langu bado ninalo. Nikamwambia ndilo nililolikalia. Akacheka, akidhani namtania, lakini ilikuwa kweli. Nimehama miji mingi kwa biashara yangu ya vipuri, nimeacha vitanda, makabati, na mume mmoja, ila sanduku lile sijapata kuliacha mahali. Hapohapo niliamua kwamba nitakwenda, na kwamba nitalikimbiza mara moja nyingine, mbele ya watu walewale walionicheka siku nilipolichagua.

Vyumba nilivyopanga tangu nianze kuzurura siwezi kuvikumbuka vyote. Kahama nilikaa kwenye nyumba ambayo leo hata rangi ya mlango wake siijui. Lakini kuna chumba kimoja ambacho ningeweza kukichora nikiwa nimefumba macho, nacho hakikuwa cha kulala. Kilikuwa stoo ya nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Ami Nassor, pale Boko, hatua chache kutoka ukumbi wa nyumba ya shangazi yangu Tatu alikokuwa akikaanga vitumbua. Upande mmoja ilipangwa mifuko ya saruji kutoka Wazo, upande mwingine misumari na makopo ya rangi, na katikati meza ndefu ya mbao za kujengea iliyojaa magari madogo, marefu kama mkono wa mtu mzima kuanzia kiwiko. Si ya betri yale. Kila moja lilikuwa na injini ya kweli, isiyozidi ngumi ya mtoto, yenye kabureta yake, plagi yake na ekzosi yake, ikinywa mafuta ya nitro na kutoa moshi mtamu mzito ulioganda kwenye nguo. Shangazi aliusema moshi ule kila siku ya kufua. Alisema unanukia kama ubani uliofukizwa hospitali.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo ambayo hata mimi nilijua hayatanifikisha mbali. Jumapili nilikuwa nabeba ndoo ya vitumbua kwenda kuwauzia wanaklabu uwanjani. Uwanja wenyewe ulikuwa kiwanja cha ndugu yake Ami Nassor ambacho hakijajengwa, udongo mwekundu uliochanganyika na mchanga, na vichwa vya mawe ya matumbawe vilivyochomoza kila mvua ikinyesha. Madereva walisimama juu ya jukwaa la mbao, rimoti mikononi, na magari yakazunguka chini yakilia kama misumeno. Gari likipinduka dereva haruhusiwi kushuka. Lazima awepo mtu pale kwenye kona alinyanyue na kuliweka sawa. Kwa hiyo klabu ile ilikuwa na utaratibu mmoja ambao haukuwa na mjadala: ukimaliza kukimbiza hupumziki. Unaweka rimoti chini, unakwenda kusimama kwenye kona, unaokota magari ya kundi linalofuata. Wao waliuita zamu ya kuokota. Ukiikwepa, matokeo yako yanafutwa, hata kama umeshinda.

Jumapili moja kona ikabaki wazi. Ilikuwa ya Kassim, fundi Vespa aliyekuwa akija kutoka Mbagala, mtu wa maneno mengi aliyeamini kwamba injini zote ni ndugu. Mafuta ya nitro yalikuwa yamemwishia, naye akaona hakuna taabu, akachanganya petroli na oili kama anavyofanya kwa Vespa, akalijaza gari lake. Alivuta kamba ya kuwashia mpaka ikamkatikia mkononi, na gari halikutoa hata kikohozi. Akalitia kwenye mfuko wa sukari, akaondoka kwa hasira bila kuaga. Ami Nassor alitazama kona, akatazama watu, akaniona mie. Akasema, "Hawa, weka ndoo. Simama pale." Nikaweka ndoo. Alasiri ile niliungua vidole mara kadhaa, maana sikujua gari linashikwa wapi, na Jumapili iliyofuata nikarudi kwenye kona ileile bila kuitwa.

Nilisimama pale msimu mzima. Watu wa jukwaani walikuwa wakiyajua magari kwa macho, mimi nikayajua kwa viganja. Nilijua lipi ni zito mbele, lipi linachemka kabla ya wakati, lipi huja kwangu kila mzunguko na lipi hupita tu na kunirushia vumbi. Lililokuja mara nyingi kuliko yote lilikuwa la Seif, karani wa kampuni moja ya forodha aliyekuwa akikaa Kinondoni. Lake lilikuwa gari la lami, limelala chini kabisa, bodi ya bluu imeng'arishwa mpaka unajiona. Kwenye sehemu iliyonyooka hakuna aliyemkamata. Kwenye mawe ya kona yangu lilikuwa mgonjwa wangu wa kudumu.

Msimu ulipoisha, Abdulaziz alisema kwa utani kwamba sasa mwenye kona naye apewe rimoti. Seif akajibu kwamba hata daftari la madereva halina safu ya wauza vitumbua. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ndivyo nilivyokuwa nikifanya nikichomwa. Ami Nassor hakucheka. Alikuwa anasugua gari lake kwa mswaki uliochakaa, akasema bila kuinua kichwa kwamba aliyeokota msimu mzima ana haki ya kukimbiza, na kwamba nikileta gari nitapewa namba. Basi. Haki nikawa nayo, gari sina.

Gari lilikuja kwa njia ya mjomba wangu Shabani, aliyekuwa akifanya kazi Muscat. Kila akirudi likizo ya Idi alikuwa akileta zawadi moja kwa kila mtu, na alikuwa akipiga simu dukani kwa Ami Nassor kuuliza mtu anataka nini. Simu yenyewe ilikuwa juu ya kaunta, katikati ya wateja wa misumari, kwa hiyo mambo ya nyumba yetu yalikuwa yakijulikana mpaka Bunju. Aliponiuliza kama aniletee simu au kitambaa, nikasema gari la nitro. Akauliza mara mbili. Kisha akasema sawa, lakini ni moja tu na halirudishwi dukani, nimjulishe ni lipi kabla hajasafiri. Jioni shangazi alinisubiri ukumbini na mwiko mkononi. Aliongea kwa sauti ya kawaida, lakini akiwaelekea majirani.

"Mwenzio anaomba cherehani, wewe msichana mzima unaomba gari la kuchezea. Haya, lije. Lakini likivunjika na kulala chini ya kitanda, asubuhi yake unakwenda Mbagala kwa binamu yangu kushona sare za shule. Na sitaki kusikia kilio."

Nilimjua shangazi. Hakuwa akitisha, alikuwa akipanga. Nikaelewa kwamba sichagui gari tu. Nikikosea, maisha yangu yatakuwa sare za shule.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Abdulaziz, ambaye tulikuwa rika moja, alitaka nichukue lile lenye magurudumu makubwa kama ya trekta, lipande kila jiwe. Mjomba naye alikuwa ameshaliona kama hilo dirishani mwa duka na kulipenda kwa niaba yangu. Seif alinivuta pembeni kwa wema kabisa, akanionyesha gari lake la bluu na kusema, "Sista, chukua la lami kama langu. Likiwaka tu, watu wanaacha kutafuna." Nakiri nililitamani. Usiku niliota bodi nyekundu inayong'aa. Nilimwendea Ami Nassor aniamulie, akaniambia gari ni la mwenye rimoti, akaendelea kumpimia mteja nondo.

Kilichonifungua macho kilikuwa futari. Mwezi wa Ramadhani wanaklabu walikimbiza baada ya alasiri, wakamalizia kwenye ile stoo, na Bi Salma, mke wa Ami Nassor, akaleta sinia. Nakumbuka uji wa pilipili manga ukifuka, magimbi ya nazi, kaimati zinazonata vidoleni, na tende kwenye kopo la rangi lililosafishwa. Watu walikaa juu ya mifuko ya saruji. Baada ya kuswali magharibi na kurudia kula kwa nafasi, walifungua masanduku yao na kuanza kutengeneza. Mimi nilikuwa naosha vyombo mlangoni, nikisikiliza. Mtu akauliza nani ana beringi ya nyuma. Mwingine akamrushia bila kutazama. Kassim, ambaye alikuwa amesamehewa, ametaniwa na kununua injini nyingine, akaomba gia, akapewa, naye akatoa shokap yake ya akiba akampa Ami Nassor. Vitu viliruka juu ya sinia kama kaimati. Ndipo nilipogundua kwamba wanaorushiana ni wale tu wenye aina moja ya gari, lile bagi la chesisi pana, la umbo la panzi, ambalo Seif alikuwa akiliita gari la wazee. Seif mwenyewe alikaa pembeni na gari lake la bluu mapajani, limevunjika mbele. Hakuna aliyekuwa na kipande chake. Kilikuwa kinatoka Dubai, na mpaka kifike Idi ingekuwa imepita. Mwenye magurudumu makubwa naye alikuwa amekuja kula tu, gari lake lilikuwa nyumbani tangu Rajabu.

Nikasimama na sufuria mkononi, maji yakinitiririka mpaka viwikoni. Pale kwenye kona nilijua gari lipi halivunjiki upesi. Mlangoni pale nikajua lipi likivunjika linapona.

Mjomba alipopiga, duka lilikuwa limejaa. Nikamwambia jina la bagi. Akasema yule muuzaji amemwambia ni gari la zamani, akanisihi nifikirie tena lile la magurudumu makubwa, akaeleza taa zake. Abdulaziz alikuwa akinifanyia ishara. Seif alisema, makusudi nisikie, kwamba gari hilo linakwenda kama linakwenda msibani. Nikasema tena jina la bagi, taratibu, herufi moja moja, mpaka mjomba akaliandika. Nilikuwa sijapata kumkatalia mtu mzima jambo na neno langu likasimama. Nimesafiri sana baada ya hapo, nimebishana na maofisa wa mipaka na madalali wa kila aina, na kila mara sauti ninayoitumia ni ileile ya kwenye kaunta ya Ami Nassor.

Lilikuja, na halikuwa zuri. Bodi ilikuwa ya njano iliyopauka. Injini mpya ya nitro haikimbizwi siku ya kwanza. Inazoeshwa, tangi baada ya tangi, polepole, imejazwa mafuta mengi mpaka inatema moshi na oili, nawe unaiacha ipoe kabla ya kuiwasha tena. Wengi hushindwa hapo. Wakishasikia mlio tu wanataka mbio, na injini inakufa ikiwa bichi. Mie niliizoesha uani kwa shangazi, juu ya kigoda, siku nyingi mfululizo. Mwanzoni alianua nguo zake kwa vishindo. Baadaye alianza kuuliza kwa nini leo inakohoa zaidi ya jana. Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikamkuta amechuchumaa mbele ya kigoda, anaipepea injini kwa ule upepeo wake wa kuchochea mkaa, akisema kwamba kitu hiki ni kama tanuri jipya, ukilipa moto wote siku ya kwanza linapasuka.

Mashindano ya kufunga mwaka yalikuja baada ya mvua za vuli, na mawe yalikuwa yamechomoza yote. Shangazi alikuja na ndoo ya vitumbua, akakaa mbele kabisa, amevaa khanga mpya, na nilijua hakuja kuuza. Nilipenya mpaka fainali. Lakini asubuhi ya fainali, katika kupasha moto, nilipiga jiwe na mkono wa mbele kushoto ukakatika, yaani kile kipande cha plastiki ngumu kinachoshika gurudumu. Nikashuka jukwaani na gari likining'inia kama kuku aliyevunjika mguu. Nilimwona shangazi akiacha kutafuna. Kassim hakuwa na mkono, wa kwake wa akiba alikuwa ameufunga jana yake. Ami Nassor, ambaye tungekuwa naye fainali ileile, alikuwa anajaza mafuta. Nikamwomba. Alifungua sanduku, akatoa mkono uliopakwa tone la rangi nyekundu ya geti, alama aliyokuwa akiweka kwenye vipuri vyake vyote, akanipa na kusema, "Funga upesi, wanaita."

Fainali ile nimeikimbiza kichwani mara nyingi kuliko nilivyoswali. Seif aliongoza kwa raha mpaka jiwe la kona yangu ya zamani likamtupa, na safari hii gurudumu likabiringika peke yake mpaka kwenye ndoo ya shangazi. Akabaki Ami Nassor mbele, mie nyuma yake, magari mawili ya wazee yenye sura moja yakifukuzana kwa mlio mmoja. Nilikuwa siwezi kumpita. Alikuwa akijua kila shimo. Halafu, bila kishindo, gari lake likainama upande na kukwama. Mkono wa mbele umekatika, upande uleule wa kushoto. Niliona kwa pembe ya jicho akiweka rimoti chini pale jukwaani. Sikufikiri kitu, nilikuwa naikodolea macho njano yangu. Karibu na mwisho nikaiingia kona kwa pupa, gari likaruka, likalala chali, injini ikilia hewani na gari la Kassim likija mbio nyuma. Nikaangalia kona. Aliyesimama pale ni Ami Nassor. Kona ilikuwa na upungufu wa mtu, naye hakuwa na gari la kukimbiza, kwa hiyo alikuwa amekwenda kuokota. Aliinama na umri wake wote, akalishika palepale kwenye ekzosi yenye moto, akaliweka chini likielekea mbele. Likaondoka. Nikashinda.

Walinibeba. Shangazi alipanda jukwaani bila ruhusa na kuwaambia watu wa Boko, wa Wazo na wa Bunju kwamba injini ile ameizoesha yeye. Kwa miaka mingi baadaye ndivyo alivyosimulia, na habari za Mbagala hazikutajwa tena. Jioni, kwenye stoo, Ami Nassor alikuwa amefunga kiganja kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, anakunywa kahawa kwa mkono mwingine. Nikamwuliza alikuwa na mikono mingapi kwenye sanduku asubuhi ile. Akasema mmoja. Nikamwuliza sasa kwa nini alinipa.

"Si uliomba," akasema, na akamwita Abdulaziz amwongezee kahawa.

Nilifika Boko siku moja kabla ya arubaini. Duka sasa lina vioo na vigae, lakini stoo ipo, na mifuko ya saruji ipo. Ilisomwa, tukala pilau, tukamtaja kwa mema. Seif alikuwepo, kipara na mjukuu, akanisalimu "sista" kama zamani na kuniambia kwamba baada ya mwaka ule naye alinunua gari la wazee. Jumapili tukaenda uwanjani. Nililitoa langu kwenye sanduku, njano yake imekuwa karibu nyeupe. Nimelibadilisha injini, gia, shokap, kila kitu, isipokuwa mkono ule wa mbele kushoto, ambao kwa sababu nisizozijua haujapata kuvunjika. Nililiwasha, na mlio ulipoanza nilihisi miaka yangu yote ya barabarani ikigeuza shingo kusikiliza.

Ilham, binti wa Abdulaziz, ndiye angekimbiza bagi la babu yake. Ni dereva mzuri, mkali, mwenye pupa. Katika kupasha moto alipiga jiwe. Alikuja kwangu gari likining'inia, machozi yakimlengalenga, hataki kulia mbele ya wanaume. Alisema ameuliza kila mtu na siku hizi wengi wana magari ya betri, hakuna mwenye mkono wa aina hii. Akaniuliza, "Shangazi Hawa, wewe unao wa akiba?"

Nikamwambia ninao. Nikachukua bisibisi, nikalipindua gari langu kwenye mapaja na kuanza kulegeza. Alipoona ninautoa wapi alinishika kiwiko. Nikamwambia afunge upesi, wanaita.

Kisha nikakunja baibui kiunoni na kwenda kusimama kwenye kona. Mawe ni yaleyale. Seif alikuwa kona ya pili, Kassim alikuwa jukwaani akipiga kelele ambazo hajaziacha. Katika mzunguko ambao sikuuhesabu, bagi la Ami Nassor lilikuja kwa kasi kupita kiasi, likagonga, likaviringika mpaka miguuni pangu, tumbo juu, tone la rangi nyekundu likionekana wazi kwenye mkono wa kushoto. Ulikuwa mzima. Ninajua gari linashikwa wapi, lakini sikuwa na muda wa kuchagua. Nikalinyanyua palipokuwa karibu, moto ukaniuma kiganja, nikaliweka chini likielekea mbele.